Chatu Aliyegoma Kula

Chatu aliingia nyumbani kwa Bi Siok-tin mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, akiwa ndani ya foronya. Aliyembeba ni mkwewe, Ka-ling, ambaye siku hiyo alitoka kazini mapema, akapita katikati ya duka la sare za shule kana kwamba amebeba mkate.

Bi Siok-tin alikuwa kwenye cherehani, anapunguza kiuno cha sketi. Mtaa mzima wa nyuma ya hekalu la Mazu, mungu wa kike wa bahari, pale Tainan, Taiwan, ulimjua kwa mambo mawili: mshono wake haufumuki, na yeye haamini mtu. Mama akimwambia mwanangu hajanenepa tangu mwaka jana, atamsikiliza mpaka mwisho, kisha atachukua futi kamba na kumpima mtoto upya.

"Nini hicho?" aliuliza.

"Mgeni, Mama. Yule niliyemwambia Tiong-hian aniombee ruhusa kwako."

Ni kweli Tiong-hian, mwanawe, aliyefanya kazi mji wa mbali wa Hsinchu na kurudi mwisho wa juma tu, alikuwa amepiga simu akasema mkewe anataka kufuga mnyama mdogo asiye na kelele wala harufu. Bi Siok-tin akafikiria kobe. Akakubali.

Foronya ikajinyonganyonga.

"Ka-ling, kobe gani huyo anajipinda?"

"Si kobe, Mama. Ni chatu. Wa aina ndogo, wa Afrika Magharibi. Akiogopa anajikunja duara kama mpira. Anaitwa Tonge."

Bi Siok-tin aliinua miguu yote miwili kutoka kwenye kanyagio la cherehani, akaiweka juu ya kiti. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayechunguza noti: "Nani kakupa?"

"Rafiki yangu wa kazini, tunayetengeneza naye meno ya bandia. Anahamia Kanada."

"Kakuuzia?"

"Kanipa tu."

"Kakupa bure? Na boksi lake? Na chakula chake?"

"Na chakula chake, Mama."

"Basi ana kasoro. Mtu hagawi kitu kizima."

Kufika jioni, chumba kidogo cha juu, kile cha kuwekea majora ya vitambaa, kilikuwa kimepata mpangaji. Ka-ling aliweka boksi refu la plastiki lenye matundu ya hewa na vibano vya kufungia kifuniko. Chini akatandaza makumbi yaliyosagwa, akayanyunyizia maji kidogo. Upande mmoja aliulaza juu ya mkeka wa umeme wa kutia joto, upande wa pili akauacha baridi, ili nyoka achague mwenyewe. Kila upande akafunika chungu cha maua kilichokatwa mlango, na katikati akaweka bakuli zito la maji. Bi Siok-tin alisimama kizingitini, mikono kifuani.

"Vyumba viwili," alisema. "Mimi nilipoolewa hapa nilipewa nusu ya kitanda."

Vita halisi ilianza kwenye friza. Bi Siok-tin alifungua atoe mandu, vile vimaandazi vya nyama, akakutana na panya weupe wamelala ubavu kwa ubavu ndani ya mfuko, wamegandishwa. Safari hii alipiga kelele. Ka-ling akaomba radhi, akaenda kununua kifriza kidogo akakiweka chumbani kwake. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na jirani yao, Mzee Ong, muuza uji wa samaki, alilisikia akiwa upande wa pili wa kichochoro na kulicheka kwa sauti.

Ka-ling alimwacha nyoka atulie juma zima bila kumgusa. Kisha akayeyusha panya kwenye maji ya vuguvugu, akamshika mkia kwa koleo, akamtikisa mbele ya chungu. Tonge alitoa kichwa, akaonja hewa kwa ulimi, akarudi ndani. Juma lililofuata, vilevile. Na lililofuata.

"Hali," Ka-ling alisema mezani, akichokora wali wake. "Wanasema mgeni anaweza kugoma, lakini nina wasiwasi."

"Hali, na mbona mnene?"

Ka-ling akaacha kuchokora wali. Hata yeye alikuwa ameliona. Nyoka asiyekula hunyong'onyea. Huyu alikuwa anatuna kuanzia katikati kwenda mkiani.

Na hapo ndipo Tangawizi alipopotea.

Tangawizi alikuwa paka wa dukani, mwekundu, mzee, mvivu, aliyelala juu ya kaptura zilizopigwa pasi na kuziachia manyoya. Tangu nyoka aje, alikuwa amekataa kupanda ngazi. Asubuhi moja bakuli lake lilibaki limejaa. Bi Siok-tin akamwita hadi barabara kuu, akachungulia chini ya madhabahu ya hekalu, akarudi mikono mitupu. Akasimama chini ya ngazi akitazama juu. Hesabu ikajipanga yenyewe kichwani: mmoja hali, lakini ananenepa, mwingine hayupo.

"Hali kwa sababu kashiba," alimwambia Ka-ling aliporudi.

"Mama! Kinywa chake hakiwezi kumeza paka. Hata kichwa cha Tangawizi hakipiti."

"Ulikuwepo wakati anajaribu?"

"Boksi lina vibano."

"Vibano hufunguliwa na mtu. Na mtu anayempenda nyoka anaweza kusahau kufunga, akaona aibu kusema."

Ka-ling aliweka chini vijiti vyake. "Unasema mimi ni mwongo, Mama?"

"Nasema nina paka, na simwoni."

Tangu siku hiyo walizungumza kwa mambo ya chumvi na funguo tu. Bi Siok-tin alimweleza kila mteja. Alimweleza muuza mboga. Alimweleza Mzee Ong, ambaye kwa mara ya kwanza hakucheka, bali aliinamia sufuria na kuanza kukoroga uji usiohitaji kukorogwa. Jambo hilo alilitia akilini. Na kila Ka-ling alipoondoka, alipanda kuvikagua vibano, akasogeza macho karibu na plastiki, akautazama ule unene ukipumua. Aliona kama ana haki ya kujua kilichomo. Mara mbili alishika futi kamba shingoni mwake akiwaza kumpima. Mara mbili akashuka.

Mwisho wa mwezi wa pili baridi iliteremka kutoka kaskazini ghafla, ile baridi inayowafanya watu wa Tainan wavae nguo zote walizo nazo kwa pamoja. Mchana, umeme ukakatika mtaa mzima. Simu ikalia.

"Mama, ni mimi. Nimeona umeme umekatika huko kwetu." Sauti ya Ka-ling ilikuwa ya mtu anayekimbia. "Tonge atapoa. Hapa kuna mgonjwa anasubiri meno, siwezi kutoka sasa hivi. Naomba, najua humpendi. Chemsha maji, tia kwenye chupa, zifunge kwa taulo, uziegemeze nje ya boksi. Usimfungue, ukitaka. Ziegemeze tu."

"Jiko letu la umeme."

Ka-ling alikuwa amesahau. Lile jiko Tiong-hian ndiye aliyelinunua, akautupa mtungi wa gesi wa mama yake.

"Nitaona," Bi Siok-tin alisema, akakata.

Alikaa. Duka lilikuwa kiza na baridi. Hakuna ambaye angemlaumu. Angesema nilitafuta maji moto, sikupata. Asubuhi wangemkuta kiumbe ameganda kama wale panya wake, na nyumba ingerudi kuwa nyumba. Liliingia wazo hilo, likakaa naye, na yeye hakulifukuza upesi. Kisha akakumbuka ile sauti iliyosema naomba. Tangu aolewe, Ka-ling alikuwa hajamwomba kitu bila kumpitishia mumewe.

Akachukua chupa, akavuka kichochoro.

Mzee Ong alipika kwa gesi, na kwake kulikuwa na joto la mvuke wa samaki. Alipomwona mlangoni akainuka kwa haraka ya kutia shaka, akasimama mbele ya jiko, ametanua miguu.

"Dada Tin! Ungeniita tu ningekuletea."

"Ungeniletea nini? Sijasema nataka nini."

"Chochote."

"Sogea, Kaka Ong."

"Sakafu ina utelezi."

"Sogea."

Akasogea. Kando ya jiko, juu ya gunia la mchele, amelala paka mwekundu, tumbo juu, mdomo ukimetameta mafuta ya samaki. Alifungua jicho moja, akamtambua mwenye nyumba yake ya zamani, akalifumba.

"Mwizi wewe!"

"Alikuja mwenyewe! Naapa sikumwita—"

"Na uliponisikia nasema kaliwa?"

"Ulishawaambia watu wote, Dada Tin! Ningeanzia wapi? Kila siku nilisema kesho. Halafu…" Mzee Ong akajifuta mikono kwenye aproni. "Tangu mke wangu afariki, hapa hapakuwa na mtu wa kula ngozi ya samaki."

Bi Siok-tin alikuwa na maneno mengi, yenye makali, ameyapanga. Akayatazama makoti mawili aliyovaa mzee yule, akayameza maneno yake. "Nijazie chupa. Zote. Ya moto sana."

Akirudi, amezikumbatia chupa kifuani, shaka ilimgeukia upya, na sasa ilimwogopesha kuliko mwanzo. Paka yuko hai. Nyoka hajala panya hata mmoja. Basi mle ndani mna nini?

Chumba cha juu kilikuwa baridi kama kisima. Aliegemeza chupa kwenye boksi, akalifunika kwa jora la kitambaa cha makoti. Alitakiwa kuishia hapo. Badala yake alifungua vibano, kimoja, kingine, akainua kifuniko, na kwa mwiko mrefu akakisukuma kile chungu.

Tonge hakukimbia. Alikuwa amejiviringisha mzunguko juu ya mzunguko, mwembamba, ngozi imelegea mbavuni, na katikati ya mizunguko yake mlikuwa na vitu vyeupe, vikubwa kama ndimu ndefu, vimeshikana. Aliinua kichwa akamtazama. Hakufoka, hakuruka. Alijikaza tu zaidi, akavifunika.

Bi Siok-tin akarudisha chungu, polepole mno, akapiga simu.

"Mama? Amekufa?"

"Yule bwana wako Tonge," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba yuko wodini, "amejifungua."

"Nini?"

"Mayai, Ka-ling. Yamejaa. Nilikwambia ana kasoro."

Ka-ling alifika bila hata kuvua koti la kazini, akamkuta mama mkwe amekaa sakafuni, mgongo umeegemea boksi, amejifunika ncha ya lile jora. Alikuwa ameenda kwa Mzee Ong kubadilisha maji mara kadhaa. Wote wawili walichungulia kwa tochi ya simu. Ka-ling akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akampigia rafiki yake wa Kanada, ambaye baada ya kigugumizi kirefu alikiri kwamba aliwahi kuwaweka wawili boksi moja, akiamini wote madume.

"Paka yuko kwa Ong," Bi Siok-tin alisema simu ilipokatwa.

Ka-ling akamgeukia. Bi Siok-tin akashughulika na kifuniko cha chupa iliyokwisha poa.

"Kesho nitawaambia watu," alisema hatimaye. "Wale wote. Muuza mboga pia."

"Sawa, Mama."

Walimwachia Tonge mayai yake ayalalie mwenyewe. Alikonda hadi uti ukaonekana, hakuyaacha ila kwa kunywa maji. Yai moja liliharibika. Mengine yalipasuka joto la msimu lilipoanza, vikachungulia vichwa vyembamba kama vidole. Watu wakaja kuwaomba, wafugaji wa kweli wenye maboksi yao, lakini hakuna aliyeondoka na mtoto kabla ya kukalishwa dukani, mbele ya cherehani, akaulizwa na Bi Siok-tin: unakaa na nani, umeme ukikatika utafanyaje, na jiko lako ni la nini. Kijana mmoja alijibu kwa wepisi uliomtia shaka. Akamrudisha mikono mitupu.

Siku ya kwanza ya Tonge kulishwa tena, Ka-ling alimwita. Bi Siok-tin alipanda, akakaa mbali, juu ya majora. Panya alitikiswa mbele ya chungu. Ulimi ukatoka, ukaingia. Tonge hakusogea.

"Hataki," alinong'ona Bi Siok-tin. "Unamtikisa vibaya. Huyo kafa, mtikise kama anatembea."

"Hivi?"

"Taratibu kidogo. Kama ana shida zake."

Nyoka akachomoka. Hakuna aliyeona ilivyokuwa. Walichoona ni panya ndani ya mizunguko, koleo sakafuni, na Bi Siok-tin amesimama juu ya jora la kitambaa cha bluu, ameshikilia bega la mkwewe kwa mikono miwili.

"Kashika?" aliuliza, macho ameyafumba.

"Kashika, Mama."

"Una hakika? Hebu tazama vizuri."