Diski Isiyokoroma

Mimi ni fundi wa kompyuta, na naomba ieleweke mapema kwamba sina subira. Mteja akiniambia "haiwaki," namuuliza haiwaki vipi: taa haitoki, feni haizunguki, au inawaka lakini haifiki popote? Wengi hununa. Mdogo wangu wa kiume ndiye peke yake anayenijibu kama fundi mwenzangu, na ndiyo maana wiki ile alipoanza kunijibu ovyo nilidhani ananifanyia makusudi.

Nyumbani tunamwita Profesa. Jina hilo hakulipata chuoni. Alilipata akiwa mtoto, kwa tabia yake ya kuwasahihisha watu wazima maneno mbele ya wageni, na Mama akaona heri acheke kuliko aone haya. Haoni tangu alipougua utotoni. Kazi yake ni kufasiri: mikataba, maelezo ya dawa, hadithi za watoto, chochote kinachomfikia. Kompyuta inamsomea kwa sauti, yeye anaandika, na anaandika haraka kunishinda mimi mwenye macho mawili na kiburi cha kutosha.

Kompyuta yake ni ya mezani na ina mifumo miwili ya kuiendesha ndani yake. Upande mmoja ni Linux, alikolimbikiza kamusi zake na kazi za miaka yote. Upande wa pili ni Windows, kwa ajili ya wateja wanaotaka kila kitu kifanywe wanavyofanya wao. Ukiiwasha hutokea menyu ya kuchagua upande. Ukiiacha kidogo, inakwenda Linux yenyewe. Ukitaka Windows unabonyeza mshale wa chini mara mbili, kisha Enta. Menyu hiyo ni maandishi tu kwenye skrini, haisemi neno, kwa sababu hapo programu ya kumsomea bado imelala. Profesa alikuwa akiivuka miaka nenda miaka rudi bila msaada wa mtu, nami hata siku moja sikumuuliza anaivukaje.

Basi diski yake ilikuwa imezeeka. Ilikuwa ya kale, ya kuzunguka, na ilikoroma vibaya. Ukipita kwenye korido ungedhani kuna babu wa watu amelala humo chumbani. Siku moja faili likagoma kufunguka, la pili likafuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikamwambia, tuibadilishe kabla haijakufa na kamusi zako. Akakubali, lakini kwa sharti niiwahishe, kwa sababu alikuwa na mtihani.

Mtihani huo ndio uliotukosesha usingizi sote. Kampuni moja ya kuchapisha vitabu ilikuwa inatafuta mfasiri wa kuajiri, mwenye mshahara wa kila mwezi. Profesa hajawahi kuajiriwa. Kazi zake zote zilikuwa za leo ipo, kesho haipo. Mtihani ungefanyiwa nyumbani, kwenye Windows, kamera ikimtazama, na sharti lilikuwa moja lisilo na mjadala: mtahiniwa awe peke yake chumbani tangu anapowasha kompyuta hadi anapomaliza. Akionekana mtu wa pili, au akisikika anaelekeza, basi, habari imeishia hapo.

Nikaibeba kompyuta hadi mezani kwangu, chumba cha mbele ambacho ndicho duka langu. Nikanakili kila kilichokuwemo kwenye diski kuukuu, nikakihamishia kwenye mpya, nikaifunga, nikawasha. Skrini nyeusi. Mstari mmoja mweupe ukanijulisha kwamba hakuna diski ya kuanzia.

Sikushtuka. Nilikuwa nimehamisha nyumba nzima na kusahau kumwambia tarishi anwani mpya: mashine bado ilikuwa inaitafuta diski ya zamani. Nikaiwasha kwa flashi, nikaingia ndani, nikaisimika upya sehemu ile inayoleta menyu, nikaelekeza kila kitu mahali pake. Menyu ikarudi, mpangilio ule ule. Nikaingia Linux, sawa. Nikaingia Windows, sawa. Na ile spidi! Na kile kimya! Nikairudisha chumbani kwake nikijipiga kifua.

"Sikiliza," nikamwambia. "Haitoi hata pumzi."

"Kweli," akasema Profesa, akiipapasa. "Kama imekufa."

"Shukuru bwana, acha maneno."

Nikatoka, maana kuna sheria katika nyumba yetu: hakuna kusimama nyuma ya Profesa akiwa kwenye kompyuta. Aliiweka mwenyewe alipokuwa kijana, kwa kuchoshwa na watu waliokuwa wakimpigia kelele, kulia, kushoto, si hapo, hapo hapo! Hata Mama anaiheshimu. Akimpelekea chai huiweka mlangoni na kugonga.

Sijafika hata mezani kwangu nikasikia, "Dada! Windows umeiacha huko?"

Nikarudi. Nikamsogeza, nikawasha, mshale, mshale, Enta. Windows ikafunguka, programu yake ikaanza kubwabwaja. "Hii hapa," nikasema, nikaondoka.

"Dada!"

Alikuwa ameizima na kuiwasha tena, na imempeleka Linux. Nikaingia, nikaiwasha mimi, ikaenda Windows. Nikatoka, akaiwasha yeye, ikaenda Linux. Kwangu ndiyo, kwake hapana. Kwa fundi hakuna ugonjwa mbaya kama huo, wa mgonjwa anayepona kila akimwona daktari.

Nikaibeba tena mezani. Nikashuku kibodi yake, nikaweka nyingine. Nikashuku waya, nikabadilisha. Nikashuku kadi ya kumbukumbu, nikaichomoa, nikaifuta vumbi, nikairudisha. Mezani kwangu iliwaka kila mara na kwenda nilikotaka. Nikairudisha chumbani, nikajikunja chini ya meza kuchomeka nyaya huku Mama akinitania kutoka jikoni kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikatoka. Profesa akawasha. Linux.

Ilikuwa imebaki siku moja tu kabla ya mtihani. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, nami maji yakinifika shingoni ulimi wangu hauna breki.

"Labda ni vidole vyako," nikasema. "Labda hubonyezi."

"Nabonyeza."

"Basi unabonyeza vibaya."

"Miaka yote hii nabonyeza vizuri, nije kukosea wiki hii? Mganga hajigangi, Dada, lakini nilidhani angalau huganga ndugu zake."

"Na mimi nilidhani Profesa anajua kuhesabu mpaka mbili!"

Nikatamani nilimeze lile neno, lakini lilikwisha toka. Huko jikoni mwiko wa Mama ukasimama, na mwiko huo ukisimama ujue umeharibu. Profesa akakaa akizungusha kofia ya kalamu vidoleni, kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma: "Nitawaandikia kwamba sitafanya. Siwezi kuwaambia wasubiri dada yangu aje aniwashie kompyuta. Mtu wa kuwashiwa nani atamwajiri?"

Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa kuliko siku diski ilipogoma. Kwa sababu nilimjua, hakuwa anatishia. Alikuwa tayari ameanza kuizoea ile habari ya kukosa.

"Nipe nafasi moja tu," nikasema. "Samahani kwa nilivyosema."

Akafikiri. Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu tupate akili: "Njoo usimame nyuma yangu. Uangalie."

Nikasimama. Nilikuwa sijawahi kusimama pale, na nikajikuta natembea kwa kunyata kama mwizi. Profesa akabonyeza kitufe cha kuwashia. Mkono wa kulia akauweka juu ya kibodi, kidole kwenye mshale wa chini. Wa kushoto akaulaza ubavuni mwa kompyuta, kiganja wazi, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Na akatulia hivyo.

Menyu ikatokea. Nikaiona. Profesa hakubonyeza. Sekunde zikawa zinahesabika pale kwenye skrini, na yeye ametulia tu, kichwa amekiinamisha upande. Muda ukaisha, menyu ikapotea, Linux ikaanza kupakia. Hapo ndipo alipobonyeza, kwa kukata tamaa, na kubonyeza huko hakukuwa na faida tena.

"Mbona hukubonyeza ilipokuja?" nikauliza.

"Haikuja."

"Imekuja nimeiona! Ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilikuwa nasubiri ikorome."

"Ikorome nini?"

"Diski," akasema, kama anayemweleza mtoto. "Ukiiwasha inakoroma kwa nguvu, kiganja kinatetemeka. Kisha inakata ghafla. Ikikata, menyu imefika. Nabonyeza. Inaanza kukoroma tena, najua imeshika njia. Hii ya kwako sijui imelala wapi, haikoromi kabisa. Nasubiri, nasubiri, mwisho nabahatisha."

Nilikaa chini sakafuni. Nilianza kucheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na machozi ndani yake. Niliing'oa ile kelele kwa bisibisi yangu mwenyewe, nikamletea kimya kama zawadi, na nikamtaka anishukuru.

"Unacheka nini?" akauliza.

"Windows ipo. Vidole vyako havina kosa. Diski haina kosa. Mpya hizi hazina kitu cha kuzunguka, mdogo wangu, hazikoromi mpaka kiama."

Mabega yake yakashuka, nikaona jinsi alivyokuwa ameyabeba juu wiki nzima. "Kumbe ndiyo maana," akasema. "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Naye akaanza kucheka, na Mama akaja mlangoni na mwiko mkononi kutaka kujua kama tumerukwa na akili.

Nikamwambia naweza kuipanga iende Windows moja kwa moja kesho, asibonyeze chochote. Akakataa.

"Na keshokutwa nikitaka kamusi zangu?"

"Nitaigeuza."

"Na siku ya pili yake? Dada, hiyo ni kuwashiwa kwa njia ndefu."

Alikuwa sahihi. Nikamwambia basi naweza kuifanya menyu isubiri muda mrefu. Akauliza atajuaje kwamba imefika, asije akabonyeza kabla. Alikuwa sahihi tena, jambo linaloniudhi sana kwake. Ndipo nikakumbuka kwamba menyu ile ina mahali pa kuandika mlio: ukiujaza, menyu inapofika inapiga sauti kabla ya kusubiri. Ila kompyuta yake haikuwa na kitu cha kulilia. Spika za nje huwa bado zimelala wakati huo. Nikaenda dukani, nikafungua mashine moja iliyokufa zamani, nikang'oa kispika chake cha ndani, kidogo kama kifungo cha koti. Nikakichomeka kwenye ubao mkuu ndani ya kompyuta ya Profesa, nikaandika ule mstari wa mlio, nikawasha.

Ikalia.

"Lo!" akasema Profesa. "Kuku amekanyagwa?"

"Ni mlio. Ulitaka mlio."

"Siwezi kuanza kazi kila asubuhi kwa kukanyaga kuku. Hebu upandishe."

Nikaupandisha. Akasema sasa ni mbu. Nikaushusha. Akasema huo ni mlango wa jela. Mtu aliyekuwa karibu kuandika barua ya kukata tamaa sasa alikuwa ananichagulia noti kama mwalimu wa kwaya, na mimi mwenye hasira za karibu sikukasirika hata kidogo. Tulibadilisha mpaka tukapata noti tatu zinazopanda, fupi, safi. Mama akasema hizo hata yeye anaweza kuzisikia akiwa jikoni.

"Sasa toka," Profesa akaniambia.

Nikatoka. Nikasikia noti tatu, mshale, mshale, Enta. Kisha sauti ya Windows. Akazima. Noti tatu, halafu hakugusa kitu, akaingia Linux. Akazima. Akawa anaingia na kutoka, huku na kule, kama mtoto aliyepewa funguo za nyumba, na kila alipofika alikotaka alinipigia kelele kunijulisha amefika wapi.

Asubuhi ya mtihani sikufungua duka. Niliweka stuli kwenye korido, karibu na mlango wake, nikakaa na bisibisi mfukoni, eti kama litatokea lolote, ingawa nilijua fika kwamba likitokea sitaruhusiwa kuingia. Mama alisimama pembeni yangu na kikombe cha chai alichosahau kukinywa.

Kitufe kikabonyezwa. Feni ikavuma. Noti tatu zikapanda. Nikasikia vidole vyake, viwili vyepesi na kimoja kizito, halafu kimya, na katika kimya hicho nilimwomba Mungu kwa jina la kila kitu nilichowahi kukitengeneza. Ndipo ile programu yake ikaamka na kuanza kusoma kwa haraka, haraka ile ambayo Profesa peke yake ndiye anayeielewa, ikimwambia yuko Windows.

Nilishusha pumzi nikadhani Mama ndiye ameshusha.

Kiti kikasogezwa ndani. Hatua zikaja mpaka mlangoni, na mlango ukafunguka kidogo.

"Dada."

"Nipo."

"Unafanya nini hapo?"

"Nimekaa tu. Pengine utanihitaji."

"Sikuhitaji," akasema, na alikuwa anatabasamu. "Nenda kafungue duka, kabla kamera haijaanza."

Mlango ukafungwa. Kisha nikasikia komeo likisukumwa kwa ndani hadi mwisho.

"Amekufukuza?" Mama akaninong'oneza.

"Amenifukuza," nikamwambia, nikifuta macho kwa kiganja. Sikumbuki siku nyingine niliyofukuzwa nikafurahi namna ile. Nikachukua stuli yangu, nikaenda kufungua duka.