Tabaga ya Hawah

Mwaka 1974 mume wangu Sulemani, askari mstaafu hapa Koboko, alianza kukataa chakula. Changu tu. Cha mke mwenzangu Hawah alikila mpaka akalamba vidole.

Hawah aliolewa naye wakiwa vijana. Mimi niliingia miaka sita tu kabla ya mwaka huo, mzee keshaota mvi. Siku mbili alikuwa kwake, siku mbili kwangu, na kila mmoja wetu alimpelekea sinia kwa tabaga yake, kawa aliyoisuka kwa mikono yake. Yangu ilikuwa ya kijani, ya Hawah nyekundu. Akiona kijani mzee alilisukuma sinia, akauliza chakula cha mgeni kimefikaje hapo.

Majirani walisema wazimu. Hawah alisema uzee tu. Mimi nilikuwa na jina langu: hila. Mtu anayekumbuka namba yake ya jeshi, atamsahauje mke aliyelala naye juzi? Nilikuwa na wivu, sifichi. Nikisikia tu kinu cha Hawah kikitwanga, roho iliniuma.

Mzee akakonda. Tukampeleka hospitali ya Kuluva, nikamwambia daktari Kasimiro kwamba anajifanya. Alinijibu taratibu.

“Mama, hii si hila, na si wazimu. Hata sisi zamani ilisema wazimu ya uzee. Sasa tunasema ubongo yake iko mugonjwa. Mambo ya juzi inapotea kwanza, ya zamani inabaki.”

Ningependa iwe hila. Mwenye hila unamgombeza, anarudi. Kumbe mimi ndiye jambo la juzi.

Nyumbani Hawah akataka siku zangu azichukue yeye, mzee apate kula. Nilikataa. Mke asiye na zamu ni nani? Lakini baada ya siku mbili za sinia kurudi limejaa, nilikwenda kwake nimeinamisha kichwa, nikamwomba aniazime tabaga yake.

“Chukua,” alisema. “Lakini usifikiri mimi iko na bahati. Sasa yeye ananiita mama yake. Anajua tabaga tu.”

Nilifurahi kwanza. Aibu ilikuja baadaye.

Siku iliyofuata mchana nilipeleka ugali wa muhogo na mchuzi wa bamia chini ya tabaga nyekundu. Hawah alinifuata, akakaa mlangoni. Mzee alikula akamaliza. Kisha akanitazama usoni kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona tangu anioe.

“Hawah,” akasema, “chakula ya leo iko tamu kushinda siku yote.”

Miaka sita niliyangoja maneno hayo. Pale mlangoni Hawah alifungua mdomo aitike, akaona macho ya mzee yako wapi, akaufunga.

“Labeka,” nikaitika mimi, nikamwagia mzee maji ya kunawa.