Koili za Wanyumba Wawili

Mume wangu Lakhdar ni fundi umeme wa magari hapa Batna, na sijaona mbishi wa kumshinda ila mwanyumba wake, Tayeb, aliyemwoa mdogo wangu Wardia. Tayeb anatengeneza hita na majiko ya umeme. Mwaka ule walikosana kwenye harusi ya binamu yetu, kuskusi ikiwa mbele yao. Tayeb alisema mafundi wa magari hawajui ugonjwa, wanajua kubadilisha vipuri tu. Lakhdar akajibu kwamba fundi wa hita ni mfuta vumbi mwenye bisibisi. Basi, salamu zikaishia hapo.

Baridi ilipoingia, theluji ilianguka siku nne mfululizo. Gesi ya bomba ilikuwa haijafika mtaani kwetu, tulitegemea hita ya umeme, nayo ikakata koili. Lakhdar akaifungua, akaunga waya, ikawaka. Kesho yake ikakata tena. Akaunga. Mara ya tatu ilikata kwa mlio wa kofi, nyumba nzima ikazimika.

"Mpelekee Tayeb," nikamwambia.

"Bora nigande."

"Ganda wewe. Mimi je?"

Akavaa burnusi mbili, moja juu ya nyingine, akaenda kazini huku akisema baridi hiyo inasafisha mapafu.

Haukupita muda, Wardia akaingia, theluji imemfika magotini. Nikamuuliza gari liko wapi.

"Limekufa, dada! Linamisi, linatetemeka kama mbuzi aliyelowa. Tayeb ameshabadilisha koili tatu za cheche, zote zimepasuka. Nikimwambia amwite shemeji, ananuna." Akaweka mezani mfuko wa mkate. Ndani mlikuwa na koili zilizopasuka, pamoja na plagi. "Plagi nimezing'oa mwenyewe. Nimemtazama mara tatu, si kazi ya kutisha."

Tukatazamana, tukaanza kucheka. Yeye akashika njia ya karakana ya Lakhdar. Mimi nikaipakia hita kwenye karai la kufulia, nikaliburuta kwa kamba juu ya theluji mpaka kwa Tayeb.

"Ya nani hii, shemeji?"

"Ya jirani."

Akaifungua. Akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Huyu jirani yako ni mchinjaji! Tazama. Amekata vipande vilivyoungua, kisha amezisokota ncha. Koili ikipungua urefu inavuta umeme mwingi kuliko ilivyopimiwa, inaiva kupita kiasi. Na hapo aliposokota ndipo panapochemka zaidi, lazima pakatike." Akachokoa ndani kwa kibano, akatoa nyuzi nyekundu za sufi, zimeungua nusu. "Kumbe hata chanzo ni hiki! Wanaanika soksi juu ya hita. Sasa hewa ipite wapi?"

Soksi nilianika mimi. Nikawa natazama dari.

Tayeb akazigeuza zile nyuzi, kisha akainamia miguu yake mwenyewe. Wardia alikuwa ametufumia wote soksi nyekundu msimu uliopita.

"Jirani," akasema.

"Jirani," nikasema.

Akafunga koili mpya, akapuliza vumbi, akafunika. "Mwambie huyo jirani, mfuta vumbi anamsalimu."

Nikapitia karakana. Lakhdar alikuwa amezipanga plagi juu ya meza, anamhutubia Wardia kwa raha zake.

"Huyu mtu anaua koili bure! Plagi zimelika, pengo limekuwa pana kama mdomo wa mwenye njaa. Cheche inaruka mbali, koili inajikamua mpaka inapasuka. Na hii imelowa oili, basi gasketi ya juu inavuja. Angefunga koili mia, zingekufa mia! Ni nani huyu?"

"Mtu tu," alisema Wardia, lakini mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, na mdogo wangu hajawahi kudanganya bila kucheka. Akacheka. Lakhdar akaitazama mikono ile, kisha akanitazama mimi na karai langu.

"Na wewe umetoka wapi?"

Nikamfikishia salamu kama nilivyopewa.

Akawa mwekundu. Akachukua koili na plagi mpya, gasketi na spana, akatoka. Tukamfuata mbio, tukijua leo watapigana. Tayeb alikuwa mlangoni kwake.

"Umekuja kubadilisha vipuri?"

"Nimekuja kukuonyesha ugonjwa, punda wee! Fungua boneti!"

"Wewe unayeanika soksi kwenye hita ndiye wa kuniita punda?"

"Soksi ni za mke wangu!"

"Na koili uliisokota kwa vidole vya mkeo?"

Walipigiana kelele hivyo saa nzima, vichwa vyote viwili ndani ya boneti, mmoja akinyoosha mkono na mwenzake akimpa spana kabla hajaombwa. Gari likawaka, likanguruma bila kutetemeka. Hakuna aliyemshukuru mwenzake. Tayeb alimpangusa Lakhdar theluji mabegani, kwa nguvu, kama anayekung'uta zulia.

Ijumaa walikuja kula kwetu. Niliandaa chakhchukha, mkate uliochanwachanwa kwenye mchuzi, na nyama ya kondoo, na nyumba ilikuwa na joto hivi kwamba hata mashangazi, kwenye picha zao ukutani, walionekana wamechangamka. Wanaume wakaanza kubishana ni koili ipi ina kazi ngumu zaidi, ya gari au ya hita, wakachora kwa vidole kwenye kitambaa cha meza. Mimi na Wardia hatukuingilia. Tulikula nyama yote.