Alama Nyekundu kwenye Mvule

Mama Kitalu alisikia msumeno wa mashine kabla hajamaliza kumwagilia miche. Sauti ilitoka upande wa miti ya asili. Leo ilitakiwa ikatwe mikaratusi, ile miti ya kuletwa iliyofyonza maji ya msitu wa jiji mpaka kijito kikabaki tope, nayo iko upande wa pili kabisa, kule barabarani.

Alikimbia na ndoo mkononi. Alipofika, mvule ulikuwa chini. Tena si mvule wowote. Ulikuwa ule pekee uliobaki msituni wenye kuzaa mbegu, ambao kwa miaka kumi na tisa alikuwa akigombania matunda yake na popo, ili jiji hili lipate miche yake yenyewe.

"Shemeji, umefanya nini?"

Mkata miti, mdogo wa mumewe, akazima mashine. "Si una alama nyekundu? Niliambiwa nifuate alama, na tangu nianze kazi hii, shemeji, nyekundu ni kata."

"Kitaluni nyekundu ni mti mama! Hauguswi!"

Wakatazamana. Rangi ile Mama Kitalu aliipiga mwenyewe juzi, kwa brashi yake. Bwana Misitu, mkubwa wao, alimwambia huku macho yamezama kwenye simu: "Kapige alama, kama kawaida." Mama Kitalu akamuuliza, za kuacha au za kukata? Akajibiwa, "Mama, usinichoshe. Mtaalamu si wewe?" Basi akapiga kwa kawaida yake. Sasa hasira zilimpanda, nusu juu ya mkubwa yule, nusu juu ya nafsi yake, na hizi za nafsi yake ndizo zilizouma zaidi.

Bwana Misitu alikuja taratibu, shati limenyooka. Akautazama mvule kama anayetazama kiatu kilichopasuka. "Bahati mbaya. Tutapanda mwingine."

"Kwa mbegu ipi?"

"Hazikosekani. Mti ni mti, Mama. We andika maelezo kwamba ulikosea alama."

"Mti ni mti?"

Hakungoja jibu. Alichukua kopo la rangi na brashi kwenye gari la wakataji, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya ofisi, penye mkaratusi alioupanda Bwana Misitu siku aliyoripoti kazini. Ulikuwa umezungushiwa matofali yaliyopakwa chokaa, na mbele yake kibao chenye jina na cheo cha bwana huyo. Mama Kitalu akauzungushia mkanda mwekundu, mnene, rangi ikachuruzika mpaka kwenye kibao.

"Shemeji!" aliita. "Hii ni rangi gani?"

Mkata miti alikuwa amemfuata na mashine yake begani. Alimtazama Bwana Misitu aliyekuja mbio, shati limechomoka, akipiga kelele kwamba huo hapana, huo ni wake. Akamtazama shemeji yake. Akavaa miwani ya kazi.

"Nyekundu," alisema, akavuta kamba ya kuwashia.