Chupa Chini ya Kitanda

Mume wangu alipoanguka kutoka juu ya paa, mfupa wa ubavu ulimtoboa pafu. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimemwambia nimepata chumba, nahama, abaki na huyo nyumba ndogo wake kwa raha zake. Alijibu "Sawa," akachukua nyundo akaenda kazini. Basi badala ya chumbani kwangu nikajikuta wodini, kwenye kiti cha plastiki, natazama chupa.

Sikulia. Watu walinisifu kwa kujikaza, kumbe nilikuwa nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Mama mkwe hakujua lolote kuhusu chumba, na mimi na mwanawe hatukukitaja.

Chupa ilikaa sakafuni, ina maji. Mpira mrefu ulitoka ubavuni kwa Fundi, maana hivyo ndivyo kila mtu alivyomwita, hata mimi, ukashuka mpaka ndani ya yale maji. Kila akitoa pumzi, viputo vilipanda. Mama mkwe alivifurahia sana.

"Si unaona, mwanangu? Anapumua vizuri."

Mara akataka kuinyanyua chupa aiweke mezani, eti mwanawe si wa kuwekewa vitu vumbini. Muuguzi akamdaka mkono.

"Iache hapo chini, mama. Maji yatarudi kifuani."

Ndipo akatueleza, kwa sauti ya mtu aliyesimama tangu alfajiri. Hewa inavuja kwenye tundu la pafu, inajaa kifuani, inalibana. Mpira unaitoa. Ikifika majini haina pa kukaa. Maji ni mazito, yanajipenyeza chini yake na kuisukuma juu, ndiyo maana inajikusanya kiputo na kupanda. Ikishatoka hairudi, kwa sababu maji yameziba njia.

"Kwa hiyo msiyashangilie mapovu," akasema. "Tunaomba yaishe. Siku akikohoa na chupa ikanyamaza, tundu limefunga. Anarudi nyumbani."

Fundi akageukia ukutani.

Viputo vikapungua siku hadi siku, mpaka jioni moja akikohoa kinatoka kimoja tu, cha uvivu. Nikaanza kupanga mambo yangu: nguo nitabeba kwanza, cherehani nitaifuata. Kesho yake asubuhi nikakuta chupa inachemka upya kama sufuria. Daktari akakunja uso, akataja upasuaji. Mama mkwe akakaa sakafuni akalia. Mimi nilimwangalia tu.

Muuguzi hakuridhika. Akaufuata mpira kwa vidole, kuanzia ubavuni, taratibu, hadi kwenye kiungio. Plasta ilikuwa imebanduliwa na kiungio kimelegea.

"Akivuta pumzi hewa inaingilia hapa, akitoa inatokea majini," akasema. "Ni hii hii ya wodini, pafu halina kosa. Nani kagusa?"

Mama mkwe akaapa si yeye. Muuguzi akakaza kiungio, akabandika plasta mpya, akatoka kumwita daktari. Mama mkwe akamfuata akiendelea kujitetea.

Nikautazama mkono wa Fundi juu ya shuka. Gundi ya plasta ilikuwa imemganda kwenye kucha.

"Ungekufa," nikasema.

"Mapovu yakiisha, unaondoka."

Nilingoja hasira ije, au hata huruma. Hakikuja kitu. Nikalowesha kitambaa, nikamsugua zile kucha kabla mama yake hajarudi. Aliniachia mkono kama mtoto anayeogeshwa.

"Kohoa," nikamwambia.

"Sitaki."

"Kohoa, Fundi."

Akakohoa, kajishika ubavu, machozi yanamtoka. Nikainama chini ya kitanda. Maji yalipanda kidogo kwenye mpira, yakashuka. Akakohoa tena bila kuambiwa. Hakikutoka hata kiputo kimoja.

Mama mkwe akaingia, anahema.

"Vipi, mwanangu?"

"Yameisha, mama."

Akanikumbatia kwa nguvu, harufu ya sabuni kwenye kanga yake ikanijaa puani. Akasema Mungu mkubwa, akasema mimi ndiye niliyemponya mwanawe, akasema sasa tutarudi nyumbani kwetu tukapumzike.

"Atarudi kwako, mama," nikasema begani kwake. "Mimi nahama."

Mikono yake haikuniachia. Ndipo nikaanza kulia, na hata daktari alipoingia sikuweza kunyamaza.