Boliti ya Nne

Boliti ya nne, ya mwisho kwenye pampu ya gari, ilikuwa imelegea tangu juzi. Ilipiga ukelele mmoja, ikamwaga unga wa kutu, ikakubali. Na fundi, badala ya kushangilia, aliikaza tena na kufuta alama za spana kwa kitambaa. Tangu saa hiyo hakutulia. Akikaa anasimama, akisimama anatafuta pa kwenda.

"Bado imeng'ang'ana?" baba yake aliuliza kila asubuhi, akiegemea gari lake kuukuu.

"Bado, Baba. Kutu imeota mizizi."

"Ipashe moto. Inyweshe mafuta, igonge kichwa taratibu, kisha iache. Chuma hakitukanwi, mwanangu, hubembelezwa."

Mzee huyu, dereva wa malori kwa miaka arobaini, ndiye aliyemfundisha binti yake kushika spana. Sasa macho yake yameingia ukungu. Mwezi uliopita aligonga toroli la mama muuza mayai, akashuka akilaumu breki. Kwa bahati yalivunjika mayai tu. Pampu ya maji ilipoanza kuvuja, kaka zake fundi waliona njia ya kumzuia asiendeshe. "Wewe mwambie Baba boliti hazitoki," walisema, wakarudi makwao. Mzigo wa wengi ukatua bega moja.

Asubuhi hiyo mzee alinyoosha mkono. "Hebu lete spana."

"Utaikata, Baba."

"Nimekata ngapi mimi?"

Fundi alimkabidhi spana. Mzee aliinama, akapapasa mpaka vidole vikaipata boliti, akatia spana na kujikaza kwa nguvu zote alizobakiza. Boliti ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Mzee akapepesuka, nusura aangukie injini.

Alijiinua polepole. "Ililegea lini?"

"Juzi."

"Ni kaka zako?"

Jibu jepesi lilikuwa mdomoni tayari. Fundi alilimeza. "Na mimi pia. Yule mama hukumwona, Baba. Hukumwona kabisa."

Mzee alifuta mikono, kidole baada ya kidole. Fundi aliomba moyoni baba afoke. Hasira angejua pa kuishika.

"Niliona kitu cheupe," mzee alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nikadhani ni jua."

Kisha akainama tena, akaifungua boliti yote kwa vidole na kuiweka kwenye kiganja cha binti yake. "Pampu mpya iko wapi?"

"Kwenye boksi, ndani. Baba, gari hili ataliendesha nani?"

"Kwanza liache kuvuja."

Fundi alikwenda kulichukua boksi, hatua zake zikiwa na haraka asiyojua imetoka wapi. Mlangoni aligeuka. Mzee alikuwa amefumba macho, akipuliza kutu kutoka kwenye tundu la boliti, kidole chake kikizunguka ukingo taratibu, kikirudi, kikizunguka tena.