Wahabi Aenda Kumwona Golikipa

Wahabi aliujua mpira wa Uingereza kuliko watu wengi wa Busia wanavyoijua Kampala. Kila Jumamosi, akishamaliza kuvusha mizigo mpakani, alikuwa akiiendesha kwa pedali za mkono baisikeli yake ya magurudumu matatu, ambayo ndiyo miguu yake, mpaka kwenye kibanda cha Eibu, ambako mechi huonyeshwa kwenye skrini kwa kiingilio. Mlango wa kibanda ni mwembamba na una vidato viwili, kwa hiyo baisikeli haikupita. Eibu alimwachia pazia wazi, naye akatazama akiwa nje. Jua lilipoipiga skrini, wachezaji walitoweka, Wahabi akabaki na sauti ya mtangazaji na vilio vya waliokaa ndani. Alilipa kama wenzake wote na hakulalamika. Kuona nusu ya mpira wa mbali namna ile kulimtosha.

Lakini hakuwahi kumwona bintiye wa kumzaa, Shakirah, golikipa wa timu ya wasichana ya Busia, akicheza.

Si kwamba hakutaka. Mechi za wasichana hazionyeshwi kwa Eibu. Zilichezwa Dabani, Buhehe, kwenye viwanja vilivyo ng'ambo ya mashamba ya mihogo, mahali ambapo njia ni ya mguu mmoja na gurudumu huzama. Kuingia kulikuwa bure, na bado hawakuja watu ila mama za wachezaji na mbuzi wawili watatu. Rehemah, mkewe, alikwenda mara nyingi. Kila akirudi, Wahabi alimuuliza binti amechezaje, na Rehemah alijibu kuwa mtoto anapiga kelele sana. Jibu hilo lilimshangaza. Nyumbani Shakirah alizungumza kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto mchanga.

Kisha timu moja ya Nakuru ikamchukua. Angeondoka Jumatatu. Jumapili kulikuwa na mechi yake ya mwisho na wenzake, fainali ya kombe la wilaya za mpakani, kwenye uwanja wa shule moja mjini Tororo. Uwanja huo ulikuwa na ukuta, nyasi za kukatwa, na barabara ya lami mpaka getini. Wahabi alipoisikia habari ya lami, alikata tiketi siku hiyo hiyo. Bei yake haikufika ya kikombe cha chai na chapati.

Saa ile ile ya fainali, kulikuwa na mechi kubwa Uingereza, na Eibu hakuweza kuamini mteja wake angeikosa.

"Mzee Wahabi, unaacha wanaume unaenda kulipia wasichana? Mtoto yako si unamuona bure nyumbani?"

"Nyumbani namuona akiosha sufuria," Wahabi alimjibu.

Jumapili alivaa kanzu nyeupe. Aliiosha baisikeli, akaupaka mafuta mnyororo, akafungua zile kamba zote ambazo kwa kawaida hushikilia magunia ya unga na katoni za sabuni. Okware, mwenzake wa kazi, ambaye miaka yote husukuma kutoka nyuma wakati Wahabi anaendesha mbele, aliambiwa wazi kwamba leo hawabebi kitu cha mtu. Leo wao ni watazamaji. Okware alicheka, akasema basi angalau wabebe karanga. Jamil, jirani yao mwenye lori, alikuwa anakwenda Tororo kuchukua saruji, akawapandisha kwa ubao wa kupakilia, Wahabi akiwa juu ya baisikeli yake, na kuwashusha mahali ambapo jabali la mji linaonekana lote, kubwa na kimya, kana kwamba mji umepangwa chini yake kwa ruhusa yake.

Walifika getini mechi imeshaanza. Na mageti yalikuwa mawili. Lile kubwa lilifungwa kwa mnyororo. Ndani yake kulikatwa mlango mdogo, wa kupita mtu mmoja kwa wakati, nao una kizingiti cha chuma kinachofika gotini. Askari wa mlangoni aliichana tiketi ya Wahabi kwa adabu, akampa kipande, halafu akaitazama baisikeli, kisha mlango, kisha baisikeli tena.

Alieleza kuwa geti kubwa halifunguliwi kwa watazamaji. Ni la ambulansi na mizigo, ndivyo alivyoambiwa. Hakuwa mtu mbaya. Alijitolea hata kumbeba Wahabi mgongoni mwenyewe, ampeleke mpaka kwenye benchi, na baisikeli ibaki nje ikilindwa.

"Hapana, mwanangu," Wahabi alisema. "Asante."

Okware alielewa. Kwa miaka ishirini mtu huyu alikuwa akibeba mali ya watu kutoka nchi moja kwenda nyingine, na hakuna aliyewahi kumbeba yeye. Asingekubali mara ya kwanza iwe mbele ya Shakirah.

Wakakaa nje, chini ya ukuta. Wahabi hakuona chochote ila matofali, lakini alisikia. Alisikia mguu ukiupiga mpira, tup, sauti nzito na fupi kama ya embe bivu likianguka juu ya majani. Miaka yote kwa Eibu hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Ilifunikwa na mtangazaji na nyimbo za umati. Akafumba macho aisikilize vizuri. Baadaye kidogo ukapanda mlio mkubwa wa watu, ukatua, na Wahabi hakujua kama bintiye ameokoa au amefungwa. Akafumbua macho. Okware hakuwa karibu naye tena.

Alikuwa hatua chache pembeni, akibishana kwa furaha na mwanamke aliyesimama kando ya rundo la kreti za soda. Mwanamke huyo, Maximilla, alikuwa na kazi ya kupeleka soda za mapumziko upande wa pili wa ukuta, na kijana wa toroli aliyemwahidi hakuonekana. Okware alikuwa ameiona mizigo iliyokwama, na mdomo wake ukaanza kazi kabla ya akili yake kukumbuka. Ndivyo ilivyo mpakani: ukiona mtu amesimama na mzigo, unamuuliza unaenda wapi.

Alipomwona Wahabi anatazama, alishtuka, akarudi akiomba msamaha. Nimesahau, mzee. Mazoea tu. Nitamwambia leo hatubebi.

Wahabi aliangalia kreti zile. Aliangalia kanzu yake. Alikuwa amengoja kwa miaka kuingia mahali fulani kama mtu mwingine yeyote, mwenye tiketi, mikono mitupu. Ndani, mguu uliupiga mpira tena.

"Zinaenda wapi hizo soda?" aliuliza.

"Nyuma ya goli," Maximilla alisema. "Ile ya upande ya geti."

"Pakia."

Askari alipoona kreti zikipangwa juu ya baisikeli, alianza kutabasamu hata kabla hawajamwomba. Mizigo ni mizigo. Alifungua mnyororo, akalivuta geti kubwa kwa mikono miwili, na Wahabi akaingia akiendesha, soda zikigongana mgongoni kwake, Okware akisukuma.

Kitu cha kwanza kilichomshika ni ukubwa. Kwenye skrini ya Eibu uwanja wote ungeenea juu ya meza. Hapa nyasi zilikwenda, zikaenda, na wasichana wa timu mbili walitawanyika humo wakiwa wadogo na wakali, kila mmoja na kivuli chake. Kitu cha pili alichelewa kukitambua. Hapa hakuna aliyemwamulia atazame nini. Kwa Eibu, kamera ikimfuata mwenye mpira, wote mnamfuata. Hapa aliweza kumwacha mwenye mpira na kumtazama beki aliyeinama kufunga kamba ya kiatu, au mshambuliaji anayetembea polepole kana kwamba amechoka, kumbe anamvizia mtu. Mechi kumi zilikuwa zikichezwa ndani ya mechi moja. Wahabi aliacha mikono ikae juu ya pedali, asijue aanzie wapi.

Shakirah alikuwa goli la mbali. Alikuwa alama ya manjano tu, na kilemba cheusi. Wahabi hakuweza kuona hata uso. Kati yao kulikuwa na urefu wote wa uwanja, na pembeni mwa mistari kulikuwa na mtaro usio na daraja. Okware aliupima kwa macho, akatikisa kichwa.

Walipakua soda nyuma ya goli la karibu. Maximilla aliwashukuru, akawaambia wakae hapo hapo, hakuna atakayewafukuza. Wahabi alitazama ile alama ya manjano ikirukaruka mbali, akahesabu kwamba amefika na hakufika. Ndipo likamjia, na lilimjia kwa mshangao wa mtu aliyesahau jambo alilolijua tangu utotoni.

"Okware," alisema taratibu, "zikiisha dakika hizi za kwanza, wanabadilishana goli."

Okware alimtazama, kisha akaanza kucheka kwa sauti ya chini. Hakukuwa na haja ya daraja. Hakukuwa na haja ya kumwomba askari wala kubebwa na mtu. Sheria ya mpira, iliyoandikwa na watu wasiomjua, mahali asikokujua, ingemleta binti yake mpaka hapa.

Na ilimleta. Baada ya mapumziko Shakirah alitoka katikati ya uwanja akija, akizidi kuwa mkubwa, akivaa glovu, akizungumza peke yake. Akaligusa jiti la kushoto, akaligusa la kulia. Akainua macho.

"Baba? Umeingia aje?"

"Na soda," Wahabi alisema.

Shakirah alifunika mdomo kwa glovu. Refa akapuliza kipyenga, binti akageuka, na uso ukaenda.

Kilichobaki kilikuwa mgongo wake, na ile sauti. Wahabi aliisikia na kwanza hakujua ni ya nani. Ilitoka chini, ikavuka uwanja mzima. Shakirah aliwapanga mabeki kwa Kiswahili, akawakemea kwa Kisamia, akampongeza Taaka, beki wa kati, kwa neno la Kiteso ambalo Wahabi hakulijua. Taaka alikuwa mkubwa kuliko yeye kwa mwili na kwa miaka, na akiambiwa rudi, alirudi. Binti aliyezoea kummwagia baba yake maji ya kunawa bila kusema neno alikuwa akiwaendesha watu kumi kama nahodha chomboni mwake.

Kulikuwa na msichana wa Tororo anaitwa Athieno, mwenye miguu mirefu, ambaye mji wote ulimwita kwa jina. Alipiga mara ya kwanza kutoka mbali. Shakirah aliruka. Wahabi, aliyeona maelfu ya magolikipa wakiruka kwa Eibu, na kurudiwa polepole mara tatu, alisikia sasa pumzi ikimtoka binti alipoanguka, alisikia mbavu zikipiga ardhi. Hakuna skrini iliyowahi kumwambia kwamba kuokoa kunauma. Shakirah akainuka na mpira kifuani, akapiga kelele tena.

Mara ya pili Athieno hakupiga mbali. Aliingia ndani kabisa, akamzunguka Taaka, akauchomeka mpira chini kabisa, kando ya jiti. Wavu ulivimba mbele ya uso wa Wahabi. Uwanja mzima ukalipuka. Wasichana wa Tororo walikimbilia kona, watu wakarusha kofia, na Maximilla, ambaye ni wa Kirewa, huko huko Tororo, na hakuficha upande wake, alicheza katikati ya kreti.

Shakirah alikuja kuutoa mpira wavuni. Aliinama, kukawa na nyuzi za wavu tu kati yao. Jasho na udongo vilimjaa shavuni, na macho yalikuwa yanataka kulia. Wahabi alikuwa na mengi ya kusema, ya miaka, na ya Jumatatu. Hakuna lililotoka ila neno ambalo yeye na Okware huambiana mlimani, mzigo ukiwa umewazidi na kilele hakijaonekana.

"Bado," alisema.

Shakirah alimtazama kidogo. Kisha akajifuta kwa mkono wa jezi, akautupa mpira katikati.

Zilikuwa zimebaki dakika chache, Busia wakiwa nyuma kwa bao hilo moja, mpira ulipotoka nje nyuma ya goli, karibu kabisa na gurudumu la Wahabi. Shakirah aliuchukua, akauweka kwenye kona ya boksi dogo, akarudi nyuma, akawapungia wenzake wote wapande juu, hata Taaka. Nyuma yake hakubaki mtu ila baba yake. Alikimbia, akapiga, na Wahabi akaisikia ile sauti ya ukutani, safari hii karibu sana hata akaihisi kifuani. Mpira ulipanda juu ya vichwa vya watu, juu ya ukuta, juu ya mabati ya madarasa, ukawa mweupe mbele ya jabali jeusi. Watu wa Busia na watu wa Tororo waliinua nyuso pamoja, na chini ya mpira wasichana wa timu zote mbili wakaanza kukimbia. Wahabi alishika pedali kwa mikono miwili.

Mpira ulikuwa bado unapanda.